Mtoto Apewe Nyama, Si Supu Peke Yake: Mguu wa Kondoo wa Kuoka kwa Rosemari na Dania

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na sherehe.

Kila mwaka mwezi wa Oktoba wakulima wadogo wa majani chai hupokea bonasi. Ukipita Litein, Sotik, Bomet au Kapkatet siku hizo, unasikia harufu ya nyama kila upande. Halafu Desemba inaingia: vijana wanatoka jandoni, watu wa mjini wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na kondoo anachinjwa. Ni jambo jema. Nami ninapenda nyama ya kondoo, sitaficha. Lakini leo nataka nikuulize swali moja, mama. Siku ile kondoo alipochinjwa kwenu, yule mdogo kabisa katika nyumba alikula nini?

Nina sababu ya kuuliza. Jumatatu moja baada ya sherehe, mama mmoja alileta mtoto kliniki kupimwa uzito. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa ametulia sana, na mtoto wa umri huo akitulia sana mimi huwa sifurahi. Nilifungua kiganja chake nikakiweka kando ya changu. Kilikuwa cheupe. Nikamuuliza mama, "Jana mtoto alikula nini?" Akanijibu kwa fahari, "Sista, jana tulichinja kondoo." Nikamuuliza, "Alikula nyama ama alikunywa supu?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Supu. Na ugali. Na chai."

Tulimtoa damu kidogo kwenye kidole tukapima. Kiwango kilikuwa 8, yaani chini sana kwa mtoto. Na siku iliyotangulia, nyumbani kwao, kulikuwa na mnyama mzima mwenye dawa ya shida hiyo. Wageni walikula, wazee walikula, mbwa akapata mifupa. Mtoto akapata maji yaliyochemshiwa nyama.

Simlaumu yule mama. Hata mimi nililelewa hivyo. Wengi wetu tuliambiwa kwamba nguvu yote ya nyama huingia kwenye supu, na kwamba nyama yenyewe ni ya watu wenye meno. Supu ni tamu, ina joto, na asubuhi ya baridi na ukungu wa huku kwetu hakuna kitu kizuri kama hicho. Lakini protini nyingi na madini ya chuma ambayo mwili unatumia kutengeneza damu hubaki ndani ya nyama. Ukimpa mtoto supu, umempa maji, chumvi na mafuta kidogo. Tumbo linajaa, damu haiongezeki.

Sikiliza sasa hesabu hii. Mtoto akizaliwa huwa amebeba akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama yake. Akiba hiyo huisha karibu na miezi 6. Maziwa ya mama ni mazuri kuliko yote na uendelee kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi, lakini yana chuma kidogo. Kuanzia miezi 7 hadi 12 mtoto anahitaji karibu miligramu 11 za chuma kwa siku. Huyo ni mtu mdogo ambaye tumbo lake si kubwa kuliko ngumi yako! Uji mtupu hauwezi kumfikisha hapo. Gramu 100 za nyama ya kondoo iliyoiva zina karibu miligramu 2 za chuma, na protini karibu gramu 25, pamoja na zinki inayosaidia mtoto kukua na kupigana na kuhara. Utasema, mbona miligramu 2 ni kidogo? Ni kwa sababu chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi zaidi kuliko chuma cha mboga na maharagwe. Tena nyama ikiliwa pamoja na managu au maharagwe, husaidia hata kile chuma cha mboga kiingie. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kinachotokana na wanyama kama nyama, samaki au mayai.

Kila siku? Najua umeshtuka. Kondoo hachinjwi kila siku. Lakini mtoto hahitaji sahani ya nyama. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinamtosha kwa siku. Ukinunua robo kilo ya nyama isiyo na mfupa, ukiipika na kuigawa hivyo, mtoto atapata vipande 5 au 6. Siku nyingine mpe yai. Siku nyingine mpe omena waliosagwa, au maini kidogo. Maini ya kondoo yana chuma mara nne hivi kuliko nyama ya kawaida, lakini yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha, na wewe mama mjamzito usiyafanye chakula chako cha kila wakati.

Basi tuingie jikoni. Wengi wetu tunajua nyama ni ya kuchemsha au kuchoma, na kiungo ni chumvi. Hii ya kupaka majani ya kunukia na kuoka nilifundishwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya upishi miaka mingi katika nyumba za mameneja. Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho miaka ya 1920, na Waingereza walikuja na mapishi yao ya Jumapili: mguu wa kondoo, rosemari, viazi. Mzee yule aliniambia, "Binti yangu, wazungu walikuwa na oveni, lakini mimi nyumbani nina sufuria na makaa, na yangu ni tamu kuliko yao." Nami nimeonja, ni kweli.

Rosemari unaijua. Ni ule mmea wenye majani membamba kama sindano ambao watu hupanda kama ua mbele ya nyumba, wakaupunguza kwa panga bila kujua kwamba unaliwa. Dania ipo sokoni. Chukua konzi moja ya dania na vijiti 2 au 3 vya rosemari, utoe majani uyakatekate madogo sana. Twanga pamoja na punje 6 za kitunguu saumu na tangawizi ya urefu wa kidole gumba. Ongeza maji ya limau moja na vijiko 2 vya mafuta ya kupikia. Huo ndio mchanganyiko wa kupaka mguu wa kilo 2 hivi.

Hapa nataka niseme ukweli, kwa sababu nimesikia watu wakiuza majani haya sokoni kwa maneno makubwa. Rosemari haiongezi damu. Dania ikiwa konzi moja katika nyama ya watu kumi haiongezi damu. Kazi yao ni harufu na utamu, na faida yake kwa afya ni kwamba nyama inayonukia vizuri haihitaji chumvi nyingi wala vile viungo vya pakiti ambavyo vimejaa chumvi. Kwa bibi au babu mwenye presha hiyo si faida ndogo. Lakini damu inatoka kwa nyama.

Kabla hujatia chumvi, kata kipande cha nyama cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Hicho ni cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu figo zake bado ni changa na hahitaji chumvi ya kuongezwa. Kipake majani yale yale, kifunge kwa jani la mgomba au kiweke kwenye bakuli dogo la chuma, kiive kando ya nyama kubwa. Nakuomba usiseme utakikata baadaye. Baadaye wageni wamefika, na unajua mwenyewe huwaje. Ukikitenga mapema, kina mwenyewe.

Sasa nyama ya watu wazima: tia chumvi kijiko kidogo kimoja. Chanja nyama kwa kisu, mistari ya kina cha nusu kidole, usukume mchanganyiko ndani kabisa kisha upake nje kote. Funika, iache saa moja mahali penye baridi. Kama huna friji usiilaze usiku kucha, hata kama huku kwetu usiku ni baridi kiasi gani. Na ukimaliza kushika nyama mbichi, nawa mikono kwa sabuni, uoshe kisu na ubao kabla ya kukata kachumbari. Watoto wengi wanaoletwa na kuhara baada ya sherehe, mimi hushuku ule ubao.

Chukua sufuria nzito yenye kifuniko. Tandika viazi vilivyokatwa na vitunguu chini, weka kikombe kimoja cha maji, kisha lalisha nyama juu. Weka sufuria kwenye jiko lenye makaa machache, na juu ya kifuniko panga makaa mengi zaidi. Hiyo ndiyo oveni yako. Kila baada ya nusu saa tazama maji yasikauke, ugeuze nyama. Mwanakondoo ataiva kwa muda wa saa mbili hivi. Kondoo mzee anahitaji saa tatu, na usimharakishe. Usipake majani halafu ukaweka nyama juu ya moto wazi: majani huungua yakawa machungu, na nje inakuwa nyeusi wakati ndani bado ni damu. Sehemu iliyoungua uitoe, usimpe mtoto.

Utajuaje imeiva? Dunga kisu mpaka mfupani. Maji yakitoka meupe na nyama haina wekundu katikati, imeiva. Nasikia kuna watu katika mahoteli makubwa hupenda kondoo akiwa mwekundu ndani. Waache na mambo yao. Mjamzito na mtoto mdogo wasile nyama ambayo haijaiva, kwa sababu ina viini vinavyoweza kudhuru mimba. Tena ukichemsha badala ya kuoka, kumbuka Kericho iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Maji huchemka hapa kabla hayajafika joto la kule Kisumu au Mombasa, ndiyo maana nyama na maharagwe huchukua muda zaidi. Si kwamba nyama yako ni mbaya.

Neno moja la haraka kuhusu jiko la makaa, na sitalirudia kwa hivyo shika. Pika nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi. Jioni ya ukungu usiingize jiko ndani ya chumba cha kulala ili watoto wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu ambayo haina harufu wala haionekani, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Nyama ikiiva, chukua ile ya mtoto. Kwangua majani ya rosemari, maana ni magumu na yanaweza kumkaba. Kata nyama nyembamba kwa kuvuka nyuzi zake, usifuate nyuzi, halafu itwange kwenye kinu safi mpaka iwe kama makombo laini. Changanya na kiazi kilichopondwa au malenge na mchuzi wa pale chini ya sufuria. Hapo ndipo supu ina kazi yake! Mtoto wa miezi 6 anayeanza kula, vijiko 2 au 3 vya mchanganyiko huo vinatosha. Wa miezi 9 anaweza kula nyama iliyokatwa vipande vidogo sana. Usimpe kipande kikubwa wala mfupa wa kufyonza peke yake.

Kogo, hapa nakuomba radhi, lakini lazima niseme. Najua ulitutafunia nyama sisi tulipokuwa wadogo ukatutia mdomoni, na ulifanya kwa upendo. Siku hizi hatushauri. Mate yanaweza kupeleka kwa mtoto viini vya kuozesha meno, na magonjwa mengine pia, hata virusi vya ukimwi kama kuna kidonda mdomoni. Kinu kitutafunie.

Sasa nimefika penye ugomvi wangu na kaunti nzima. Chai.

Sisi tunaishi kwa chai. Ada ya shule ni chai, sare ya mtoto ni chai, hata mshahara wa nyumba nyingi hapa ni chai. Siwezi kusimama Kericho nikasema chai ni mbaya, mnaweza kunifukuza. Lakini majani chai yana kitu kinachoitwa tanini, kile kinachofanya ulimi ukauke ukinywa chai kali. Tanini hushika chuma cha mboga, cha maharagwe na cha ugali tumboni, kikapita bila kuingia kwenye damu. Chuma cha nyama hakisumbuliwi sana, lakini sahani yetu si nyama tupu. Kwa hiyo mama aliyekula ugali, managu na nyama kidogo, kisha akashushia na kikombe cha chai hapo hapo, amejinyima sehemu ya kile alichokula. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya chakula, au kabla. Wakati wa kula kunywa maji safi, na ule kitu chenye vitamini C: pera, chungwa, pesheni, au kachumbari iliyokamuliwa limau mbichi juu yake. Vitamini C husaidia chuma kuingia. Lile limau ulilooka na nyama limeshapoteza sehemu ya nguvu yake kwa moto, kwa hiyo weka lingine mezani.

Na matunda damu je? Kila siku naulizwa. Jina ni damu na rangi ni nyekundu, lakini rangi si damu. Yana vitamini C, kwa hiyo yale pamoja na nyama au mboga, yatasaidia. Yakiliwa peke yake hayatajaza kiganja cha mtoto.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe chai hata kidogo. Nakwambia wewe mlezi unayeachiwa mtoto saa kumi na mbili asubuhi mama akikimbilia shambani: najua chai ya maziwa kwenye chupa humnyamazisha. Inamnyamazisha kwa sababu imejaza tumbo. Saa nne hana hamu ya uji. Mpe maziwa aliyokamua mama, au uji wenye maziwa ama yai.

Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki naye asivimeze kwa chai. Meza kwa maji. Vidonge vile vina miligramu 60 za chuma, na ukivisindikiza na chai, nyingi hazitafika zinakokwenda. Na mama aliyejifungua anayepewa mafuta ya mkia wa kondoo apate nguvu, ni sawa, mafuta hutia nguvu. Lakini damu uliyomwaga wakati wa kujifungua hairudishwi na mafuta. Mwambie mama mkwe kwa heshima, "Mama, naomba na nyama."

Kabla sijamaliza, nyama yenyewe itoke wapi? Buchari, angalia muhuri wa mkaguzi. Nyumbani, mwite afisa wa mifugo amtazame kondoo kabla na baada ya kuchinja. Kondoo aliyeanguka akafa ghafula, hasa akitokwa damu puani au nyuma na damu hiyo haigandi, usimpasue, usimchune, usimle. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Mpigie afisa simu, mweke watoto mbali. Nao ukikuta kwenye ini au mapafu vifuko vyenye maji, usimtupie mbwa. Choma au zika kwa kina. Mbwa akila, atapata minyoo, naye mtoto anayecheza na mbwa huyo ataipata kutoka kwake, na ile vifuko itaota kwenye ini la mtoto.

Yule mama niliyekuambia alirudi baada ya mwezi. Tulikuwa tumempa mtoto dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, tukampima malaria. Kiganja kilikuwa kimeanza kuwa na rangi, na mtoto alinivuta miwani ikaanguka, nikafurahi. Nyama anapata robo kilo kwa wiki, mayai mawili matatu. Chai bado wanabishana na nyanya yake.

Wewe nawe ukifika nyumbani, fungua kiganja cha mtoto uweke kando ya chako, mahali penye mwanga. Kikiwa cheupe kuliko chako, mlete kliniki kesho, usingoje siku ya kupima uzito. Uje na kitabu cha mama na mtoto.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu uji wa wimbi, na kwa nini mwingine unamshibisha mtoto lakini haumnenepeshi.